Miti Miwili ya Kilima cha Mawe

Ninyi mnaokaa leo katika chumba chetu cha Kasongo, mbele ya skrini zinazochora vituo kwa kijani na nyekundu, mtaikuta kabatini ripoti moja yenye karatasi tatu. Inasema kwamba Sumaili, fundi wetu wa kupanda nguzo, alipanda nguzo ya Kilima cha Mawe bila kuagizwa na mtu, akaanguka kwa ukaidi wake. Chini kuna nafasi mbili za kusaini. Moja imejazwa. Ya pili ni tupu. Hiyo tupu ni yangu.

Walitaka niijaze. Nilikataa nilipokuwa kazini, na sasa nimestaafu nakataa tena, safari hii kwa maandishi, ili kijana wa watu asibaki ameitwa mkaidi ndani ya kabati. Mimi sikusoma sana. Nilifika mwaka wa nne wa sekondari, baba akafariki, nikaacha. Lakini nilichunga mtandao ule miaka mingi, na kosa lililomfikisha Sumaili pale juu nalijua vizuri kuliko aliyeandika ripoti, kwa sababu ni kosa langu. Kulieleza inabidi kwanza nieleze kazi. Nivumilieni, na yule anayejua tayari asiruke mistari.

Vituo vyetu vilikuwa sita. Kasongo ndiyo shina, maana dishi la setilaiti liko pale. Upande mmoja ni Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Upande mwingine ni Kilima cha Mawe, na huko hakuna ofisi wala mtu wala kompyuta. Kuna nguzo ya chuma, pano za kunasa umeme wa jua, na antena tatu: moja inatazama Kasongo, moja inatazama Lusangi, moja inatazama mgodi wa dhahabu. Lusangi inaendelea hadi Kabambare. Mgodi nao unaendelea hadi Kabambare kwa njia yake. Nafasi kati ya antena mbili zinazotazamana tuliita kiungo. Tulikuwa na viungo sita, na kazi yangu ilikuwa moja tu: kujua kila kiungo kama ni kizima au kinaumwa, kabla daktari wa Kabambare hajakosa jibu lake kutoka hospitali.

Sasa shikeni jambo hili. Kilima cha Mawe hakijibu. Kinapokea na kupitisha, basi. Vituo vingine vyote ukivipelekea pakiti, vipande vidogo vya ujumbe vyenye namba, vinajibu: nimepata namba moja, namba mbili, nimekosa namba tatu. Mawe ni bubu. Ukitaka kujua hali yake ni lazima uulize walioko nyuma yake.

Aliyenifundisha kuuliza alikuwa Papa Kitenge, mzee wa fonie, redio ya kuitana, pale misheni, aliyezungumza na vituo vya redio tangu mimi sijavaa sare ya shule. Alikuwa na sikio moja zima, la pili lilikufa kwa kelele za spika. Siku yangu ya kwanza kituo kimoja kilinyamaza, nikamwambia, “Papa, Nyangwe wamekufa.”

Alivua kofia yake, akaitazama, akaivaa tena. “Weye umeona maiti?”

“Hapana, Papa.”

“Basi usizike watu. Sema: miye sijawasikia. Kisha uliza jirani yao. Pengine kiziwi ni weye.”

Maneno haya niliyacheka siku ile. Ningeyachonga kwenye mlango kama ningekuwa na akili.

Mwanzoni nilipima kama Papa Kitenge alivyoita kwenye fonie, kituo kimoja kimoja. Natuma pakiti kumi Lusangi, nangoja. Natuma kumi mgodini, nangoja. Natuma kumi Kabambare. Angalieni kinachotokea: zote hizo zinapita kwenye kiungo kile kile cha Kasongo na Mawe, mara tatu, mzigo ule ule, na kiungo chenyewe chembamba kama shingo ya chupa. Muuguzi wa Kabambare alikuwa ananipigia fonie kila asubuhi. “Mama Zaina, bado unatupima? Tupime na sisi tutumie, ama tutakufa tumepimwa muzuri.”

Alikuwa na haki. Kipimo kinachoziba njia kinaleta ugonjwa kinaodai kuutafuta.

Dawa ilikuwa ndani ya vifaa vyetu wenyewe, ila hakuna aliyekuwa ameisoma. Kifaa cha Mawe kiliweza kupokea pakiti moja na kutoa nakala mbili, moja Lusangi na moja mgodini. Basi unatuma mara moja tu kutoka Kasongo, na pakiti inajigawa yenyewe kila inapofika kwenye njia panda, hadi wote wanaipata, na hakuna kiungo kilichobeba mara mbili. Njia inayofuatwa na pakiti hiyo, kutoka shina hadi matawi, ndiyo tunayoiita mti. Na pakiti zina namba. Kila kituo kikisema ni namba zipi kimekosa, unalinganisha. Lusangi na mgodi wakikosa namba zile zile, kilichozipoteza ni kile wanachoshiriki, yaani kiungo cha Kasongo na Mawe. Akikosa mgodi peke yake, tazama kiungo cha mgodi. Kwa namna hiyo Mawe, ijapokuwa bubu, inasema kwa vinywa vya watoto wake wawili.

Mimi nilielewa haraka kwa sababu ndivyo habari ya msiba inavyosafiri katika ukoo wetu. Mtu akifariki, nyumba haitangazi kwa kila jamaa. Inamwambia mmoja wa upande wa baba na mmoja wa upande wa wajomba, kila mmoja anabeba kwake, na huko inagawanyika tena. Ni aibu kumletea mtu habari ya kifo mara mbili. Na pande zile mbili hazipewi habari pamoja. Kila upande una mjumbe wake na siku yake, ili wasianze kulaumiana kabla ya maziko. Hii ya mwisho ndiyo niliyoileta kazini. Nitafika huko.

Kuchagua miti tulifanya kwa ubao wa plaiwudi. Sumaili aliugonga misumari sita, kila msumari kituo, akafunga kamba za rafia kuwa viungo. Ukitaka mti unaondoa kamba hadi usibaki mzunguko wowote, lakini kila msumari bado umeshikwa. Sumaili alikuwa mtu wa Lusangi, mrefu, anayetembea kama mtu anayeogopa kugonga kichwa hata nje. Aliniita yaya ingawa hatukuwa ndugu. Aliutazama ubao akasema, “Yaya Zaina, hii inafanana mutego ya panya. Wale wa makao makuu wakiona watasema tumeacha mutandao, tunakamata mboga.”

“Waambie panya iko ndani ya viungo, siye tunamutafuta.”

“Nitasema hivyo. Lakini weye njo utamupika.”

Mara ya kwanza tulisahau kuondoa kamba moja. Upande wa pili wa Mawe kuna duara: Mawe, Lusangi, Kabambare, mgodi, kurudi Mawe. Ukiliacha wazi, pakiti inazunguka na kuzaa nakala bila mwisho. Tulituma, tukaenda kunywa chai. Tuliporudi fonie ilikuwa inalia. Ni Bahati, aliyeshika kituo cha mgodi, mtu wa kutoka upande wa Bukavu, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kukasirika.

“Mama Zaina! Iko ujumbe mumoja hapa. Unaingia, unatoka, unarudia. Umekuya kwangu mara mingi kuliko mukwe wangu!”

“Umupe kiti, Bahati.”

“Mukwe wangu angalau analeta kuku!”

Siku nzima ilikwenda hivyo. Tangu hapo sikutuma mti ambao sijaupitia kwanza kwa kidole kwenye ubao. Nanyi fanyeni hivyo, hata kama skrini inachora vizuri. Kidole hakina haraka.

Kwa mtandao kama ule mti mmoja hautoshi. Mti ukishaondoa kamba moja kwenye duara, kiungo hicho hakipitiwi, na kiungo kisichopitiwa ni kama nyumba isiyo na mtu wa kuipigia hodi. Kwa hiyo unahitaji miti miwili, na ustadi wote uko katika kuchagua ipi, ili iwe michache, ibebe kidogo, na bado usidanganyike. Sisi tulianza na miwili mizuri. Yote miwili iligawanyika pale Mawe, Lusangi na mgodi. Tofauti yake ilikuwa nani anaipelekea Kabambare: katika mti wa kwanza ni Lusangi, katika wa pili ni mgodi. Miti hiyo ilikuwa safi. Laiti ningeiacha.

Ugomvi ndio ulioniondoa kwenye miti hiyo. Kituo cha Lusangi kilishikwa na Mwalimu Lukasi, mkulima na mwalimu, mtu wa kanisani. Kila pakiti ikikosekana aliwashuku watu wa mgodi kwamba wanakula njia. Bahati naye alisema watu wa Lusangi wanasali sana na wanasema watu kuliko wanavyosali. Kila nikituma mti mmoja kwao wote, matokeo yalipigiwa kelele na pande mbili. Siku moja Lukasi alikuja Kasongo kwa moto, yaani pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi, akakaa mbele yangu.

“Mama, siye tuko na heshima yetu. Juu ya nini mambo yetu inachanganywa na ile ya mungodi? Utupime peke yetu, na wao peke yao.”

Nilimtazama Sumaili. Alikuwa anafunga kamba za buti. Alisema polepole, “Yaya, ukiwatenganisha, Mawe itabaki na mudomo mumoja.”

Alikuwa amesema yote. Mimi nilisikia kama utani.

Niliwatenganisha. Jumatatu ikawa siku ya upande wa Lusangi: Kasongo hadi Nyangwe, na Kasongo, Mawe, Lusangi, Kabambare. Alhamisi ikawa siku ya upande wa mgodi: Kasongo, Mawe, mgodi, Kabambare. Kwenye ubao ilipendeza. Kila kiungo kilipitiwa walau mara moja. Mzigo ulipungua pia: miti ya kwanza ilibeba hatua kumi kwa jumla, hii ikabeba saba. Ugomvi uliisha. Makao makuu waliniandikia barua ya pongezi kwa kupunguza mzigo, nami niliibandika ukutani, Mungu anisamehe. Nilikuwa nimenunua amani ya Lukasi na Bahati kwa macho ya Kilima cha Mawe. Kilipitiwa, lakini hakikuonekana tena, kwa sababu katika kila mti sasa kilikuwa na mtoto mmoja tu, na ukiwa na shahidi mmoja huwezi kujua njia ilipokatikia, kabla ya Mawe au baada yake.

Mnaweza kusema: lakini ukiunganisha Jumatatu na Alhamisi si unajua? Unajua, kama kati ya Jumatatu na Alhamisi dunia inasimama.

Wiki ile mvua ilinyesha Jumamosi na Jumapili. Jumatatu asubuhi nilituma mti wa Lusangi. Nyangwe walipata namba zote. Lusangi walikosa nyingi, na Kabambare walikosa zile zile. Nikasema: ugonjwa uko kati ya Kasongo na Lusangi. Viungo ni viwili, Kasongo na Mawe, au Mawe na Lusangi. Nikafungua kaye, daftari letu la kazi. Alhamisi iliyopita mgodi ulipata kila kitu, na mgodi unapita Mawe. Basi kiungo cha Kasongo na Mawe ni kizima. Basi mgonjwa ni Mawe na Lusangi, na antena ile ya juu inayotazama Lusangi iligeuzwa na upepo zamani mara mbili. Nilijiona mwerevu. Niliandika kwenye kaye ya kazi, kwa mkono wangu: Sumaili, Kilima cha Mawe, antena ya Lusangi, apande akaze.

Ningeweza kutuma mti wa mgodi asubuhi ile ile. Kulikuwa na dakika za kutosha, Sumaili alikuwa bado anatafuta mkanda wake. Sikutuma kwa sababu ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu haikuwa siku ya mgodi, na sikutaka Bahati aniulize kwa nini ninamsumbua nje ya zamu yake.

“Yaya, una hakika ni kule?” Sumaili aliuliza mlangoni.

“Nina hakika.”

“Basi ninakwenda. Kama ni hapa karibu utanipikia ile panya.”

Alikwenda na dereva wa moto, Asumani. Ni Asumani aliyerudi peke yake. Alisema Sumaili alipanda vizuri, akaikuta antena ya Lusangi imenyooka, imekaza, haina tatizo lolote. Akamwambia kwa sauti kutoka juu kwamba hakuna kitu hapa, lakini kwa kuwa ametumwa ataizunguka aione na upande wa nyuma. Akafungua mkanda ili ahame upande. Chuma kilikuwa kimelowa.

Sitaandika zaidi kuhusu hapo.

Siku tatu baada ya maziko nilipanda juu ya paa letu la Kasongo kwa ngazi ya mbao, nguo nimeifunga kiunoni, jirani wananiangalia. Nilifungua gundi nyeusi kwenye kifundo cha kebo kinachoingia antena inayotazama Mawe. Maji yalitoka. Shaba ilikuwa imegeuka kijani. Ugonjwa ulikuwa pale, kwenye paa, juu ya kiti changu. Kilometa zote zile alikwenda kutafuta kitu ambacho ningekigusa kwa ufagio mrefu.

Nilishuka nikamwita Bahati kwenye fonie. Nikamuuliza kama Jumatatu ile asubuhi njia yake ilikuwa nzima.

“Ilikuwa inakatika, Mama. Tangu alfajiri.”

“Mbona hukusema?”

“Haikukuwa siku yetu.”

Nilitaka kumkasirikia, nikaona sina haki. Utaratibu ule niliuandika mimi. Kama ningewauliza wote wawili kwa wakati mmoja, Lusangi na mgodi wangekosa namba zile zile, na mtu yeyote aliyekaa na ubao wa Sumaili angesema: ni kabla ya Mawe, anzeni kwenye paa lenu. Hatua tatu za pakiti nilizookoa, na barua ya pongezi ukutani. Niliibandua.

Injinia alifika kutoka makao makuu wiki iliyofuata, kijana mwenye adabu, viatu vyake aliviweka kwenye mfuko wa plastiki ili visichafuke. Alikuwa na ripoti tayari imepigwa chapa. Nilisoma polepole kama ninavyosoma vyote. Nilipofika kwenye maneno kwamba fundi alipanda bila agizo la kituo, nilirudisha kidole mwanzo wa mstari nikasoma tena.

“Hii si kweli,” nikasema. “Nilimtuma mimi. Iko kwenye kaye.”

“Mama Zaina, kaye hiyo hakuna mutu ataiomba. Karatasi hii ni ya kukulinda weye.”

“Inanilinda na nani?”

“Na maswali.”

“Miye ninataka yale maswali. Nikiulizwa nitasema kosa lilikuwa wapi, na mutabadili miti. Mukiandika Sumaili ni mukaidi, hakuna kitu cha kubadili. Mutatuma mwingine.”

“Mama, familia yake tumeshawaeleza.”

“Mumewaeleza nini?”

Alisukuma kalamu mbele yangu. Kalamu nzuri, nzito. Niliirudisha. Akasema nisiposaini watanitoa kwenye chumba. Nikamwambia mlango ninaujua, nimeupaka rangi mwenyewe. Niliichukua nakala moja ya ripoti, nikaikunja pamoja na kaye, nikaviweka kwenye mfuko wangu mbele ya macho yake. Hakuthubutu kunyoosha mkono.

Walinitoa kweli. Mwaka mzima nilikaa stoo nikihesabu kebo. Wakanirudisha, si kwa upendo. Walileta mashine mpya inayochagua miti yenyewe, na hakuna aliyejua kuiambia nini. Sikilizeni hapa, ninyi mnaoitumia. Siku ya kwanza fundi wenu mpya, binti mwerevu, aliiagiza itafute miti inayopitia viungo vyote kwa mzigo mdogo kabisa. Mashine ilifikiri muda wa kukohoa, ikatoa jibu. Hatua saba. Miti yangu ile ile myembamba, Lusangi huku na mgodi kule. Binti alifurahi. Mimi nilishika meza.

Mashine haikukosea. Ilijibu ilichoulizwa, kama mimi nilivyojibu makao makuu. Nilikataa miti ile isitumwe. Nilimwambia binti aandike sharti: kila mti ufike vituo vyote, kituo bubu chochote kiwe na matawi mawili, na matawi hayo yatumwe kwa wakati mmoja. Mashine ikatoa hatua kumi. Mkubwa mmoja akauliza kwenye simu kwa nini tunaongeza mzigo. Nikamwambia aje apande nguzo ya Mawe yeye mwenyewe, kisha tutajadili mzigo. Sharti lile bado lipo. Atakayelifuta aje kwanza nyumbani kwangu aniambie usoni.

Lakini kabla ya stoo na kabla ya mashine, siku ile ile aliyoondoka injinia, nilimwita Asumani na moto wake tukaenda Lusangi.

Matanga ya Sumaili yalikuwa hayajaisha. Upande wa baba walikaa nyumba moja, wajomba nyumba nyingine, na hawakuwa wanasemezana. Watu wa makao makuu walipitia pale na maneno yao ya ukaidi, wakawapa wajomba kwanza, kisha upande wa baba, na kila upande ukasema ni malezi ya upande wa pili. Mama yake, Mama Feza, alikuwa ameketi katikati ya kiwanja, hana upande. Nilipiga magoti mbele yake, nikamwambia nina habari ya kifo cha mwanawe.

“Habari ya kifo nimeshapewa,” alisema. “Hailetwi mara mbili.”

“Ile waliyoleta haikuwa yenyewe, Mama.”

Alinitazama sana. Kisha akawaita watu wa pande zote mbili. Baba mkubwa mmoja alipinga, akasema nimwambie yeye kwanza, wajomba watapata baadaye, ndivyo inavyokwenda. Nilisimama nikasema hapana. Mimi mwanamke, mgeni, katika kiwanja cha msiba, nilisema hapana. Nitasema mara moja, na wote wanasikia kwa pamoja, ama nirudi Kasongo. Walinung'unika. Mjomba mkubwa alisema, “Huyu mwanamuke ametoka na kichwa yake wapi?” Lakini waliketi, wote, kwenye kiwanja kimoja.

Mama Feza aliuliza kama nimeleta ile karatasi. Nikaitoa.

“Soma.”

Niliisoma mstari kwa mstari. Baada ya kila mstari alisema, “Kweli ama uongo?” Nikajibu. Jina lake, kweli. Kijiji chake, kweli. Kilima, kweli. Nilipofika kwenye agizo, nikasoma hata hivyo.

“Kweli ama uongo?”

“Uongo. Nilimtuma miye. Aliniuliza kama nina hakika, nikamwambia nina hakika. Kebo iliyoharibika ilikuwa kwetu, juu ya paa. Alikwenda kwa sababu yangu.”

Niliwaonyesha kaye. Mjomba mkubwa alijua kusoma kidogo. Aliifuata kwa kidole, akaipitisha kwa baba mkubwa, na baba mkubwa akaipokea kwa mikono miwili. Hakuna aliyenipiga, ingawa nilikuwa nimejiandaa. Hakuna aliyenishukuru pia, na haikupaswa.

Mama Feza alichukua ile ripoti kutoka mkononi mwangu. Aliigeuza juu chini, akaitazama kama mtu anayetazama nguo ya mtoto wa mwingine. Kisha akanirudishia.

“Wapelekee walioiandika,” akasema. “Uwaambie mama yake hajui kusoma, lakini amesikia.”

Niliwapelekea.